Kilwa na Misitu ya Lindi: Hija ya Kumbukumbu, Toba na Matumaini



Wapendwa Taifa la Mungu, kila inapofika miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, parokia na vyama vya kitume huanza kutuomba ushauri juu ya mahali pa kwenda kuhiji. Wengi hutaja mahali palipozoeleka: Bagamoyo, walikofika wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1868, Pugu, walikoanzia Wabenediktini mwaka 1888, au Namugongo nchini Uganda, kwa Mashahidi wetu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hapa hapa pwani ya kusini, kati ya mto Rufiji na mto Lukuledi, tunazo njia za miguu, magofu na misitu inayobeba amana kubwa ya historia, na kwamba historia hiyo inatuhusu sisi Wakristo kwa namna ambayo pengine hatupendi kuitazama.

Tulipowaalika waamini kwenda Kilwa Kisiwani, mama mmoja mzee wa WAWATA alituuliza waziwazi: "Padre, tunakwenda kuhiji wapi huko? Huko hakuna kanisa, ni magofu ya misikiti tu." Swali lile lilikuwa la haki, na tuliliacha bila jibu siku ile. Makala hii ni jitihada ya kulijibu. Tutaeleza mahali penyewe, tutasimulia yaliyotendeka pale, kisha tutatoa mwongozo kwa wale watakaopenda kwenda.

Mji wa mawe na wa ukarimu

Kilwa Kisiwani kiko ng'ambo ya Kilwa Masoko, umbali wa takribani kilomita mbili za bahari. Mgeni huchukua kibali katika ofisi ya urithi pale Masoko, hupewa mwongoza wageni, kisha huvuka kwa mashua. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu mawimbi, mvua na mizizi ya miti vilikuwa vikiyabomoa. Baada ya kazi ya miaka kadhaa ya ukarabati, mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari.

Masimulizi ya kale ya Kilwa husema kwamba mwanzilishi wa utawala wake, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kwa nguo: alitandaza nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick aliyechimba pale katika miaka ya 1960, wametuonyesha upande wa pili wa habari hiyo: mji uliokua hatua kwa hatua, ukajengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukatajirika kwa dhahabu iliyotoka bara la kusini kupitia Sofala, na ukanunua vyombo vya kauri kutoka China na Uajemi. Kilwa ilifua sarafu zake yenyewe za shaba.

Mahujaji wataonyeshwa Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11 na 12, na ambao ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 kwa nguzo na kuba zinazomfanya mtu anyamaze pasipo kuambiwa. Wataonyeshwa pia Husuni Kubwa, jumba la Sultani lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, likiwa na vyumba takribani mia moja na birika la kuogea lenye pembe nane. Songo Mnara, kwa upande wake, una nyumba za mawe na misikiti ya karne ya 14 na 15. Kuufikia mji huo hupasa kungoja maji na kupita katikati ya mikoko, wengine wakishika viatu mikononi.

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, kwa sababu ya ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku moja, baada ya sala ya Ijumaa, fukara mmoja alimsimamisha Sultani njiani akamwomba mavazi yale yale aliyoyavaa. Sultani aliingia ndani, akayavua, akampa. Mkatoliki anayesikia habari hii humkumbuka mara moja Mtakatifu Martino wa Tours, aliyeligawa joho lake kwa maskini aliyetetemeka kwa baridi. Mwenyezi Mungu hajiachi bila ushuhuda katika mioyo ya watu.

Hata hivyo, ukweli hautaki tukomee hapo. Ibn Battuta anaendelea kusema kwamba mwana wa Sultani aliyarudisha mavazi yale kwa kumpa yule fukara watumwa kumi badala yake. Na Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hata fadhila ile ilipimwa kwa watu. Anasimulia pia kwamba Sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za bara na kuleta nyara. Basi, anayekwenda Kilwa asitafute mji wa malaika. Atakuta mji wa wanadamu kama sisi, wenye utakatifu na dhambi katika nyumba moja.

Msalaba uliofika pamoja na nyara

Sasa tunafika mahali pagumu. Pembeni mwa bahari pale Kisiwani limesimama jengo liitwalo Gereza, ngome ambayo Waomani waliijenga upya katika karne ya 19 juu ya msingi wa ngome ya Wareno. Hapo ndipo jibu la swali la yule mama linapoanzia, kwa maana hapo ndipo jina la Kristo lilipotamkwa hadharani Kilwa, na namna lilivyotamkwa inapaswa kutusikitisha.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu zake, akamlazimisha mtawala wake, Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu kwa Mfalme wa Ureno. Mwaka 1505, tarehe 24 Julai, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo Mtume, kikosi cha Francisco de Almeida kiliteremka pwani na kuuteka mji. Mjerumani Hans Mayr, aliyekuwa katika msafara ule, aliandika alichokiona: mapadre Wafransisko walishuka wakiwa na misalaba miwili, wakaandamana kuelekea ikulu huku wakiimba Te Deum, utenzi wa shukrani wa Kanisa. Msalaba ukasimikwa, jemadari akasali. Baada ya sala, askari wakaanza kuupora mji. Ngome iliyojengwa ikapewa jina la Mtakatifu Yakobo. Haikudumu hata miaka kumi, Wareno wakaondoka.

Na ile dhahabu ya mwaka 1502? Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza itengenezwe kuwa monstransi, yaani chombo cha kuonyeshea Ekaristi Takatifu kwa ajili ya ibada ya kuabudu. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1506, na inahusishwa na sonara Gil Vicente. Ni monstransi maarufu ya Belém, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sanaa za kale jijini Lisbon. Imepambwa kwa sanamu ndogo za Mitume kumi na wawili wakiwa wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Hostia. Maandishi yaliyo chini yake yanakiri yenyewe kwamba imetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Tuitafakari picha hiyo taratibu. Mwili wa Bwana, aliyejitoa bure kwa ajili ya watu wote, uliwekwa katika dhahabu iliyotozwa kwa mizinga kutoka kwa watu wa pwani yetu. Ekaristi haikupungukiwa na utakatifu wake. Kristo hachafuliwi na chombo. Lakini sisi tuliobeba chombo tunaulizwa: je, twaweza kumwabudu Bwana katika Sakramenti na wakati huo huo kumdhulumu katika jirani? Nabii Amosi aliwauliza Waisraeli swali hilo hilo, na Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho waliokula karamu yao huku wengine wakiona njaa.

Wareno wale hawakujiona wahalifu. Walijihesabia haki kwa hati za Kipapa za karne ya 15, kama ile ya mwaka 1452 na ile ya mwaka 1455, zilizoruhusu wafalme wa Ureno kuteka nchi za wasio Wakristo. Ndiyo maana ni jambo la maana kwamba tarehe 30 Machi 2023 Idara za Vatikani zilitoa tamko rasmi la kuyakataa mawazo hayo, zikisema kwamba si sehemu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki. Kabla ya hapo, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 12 Machi 2000, Mtakatifu Yohane Paulo II aliongoza Kanisa zima kumwomba Mungu msamaha kwa dhambi zilizotendwa na watoto wake, pamoja na kutumia nguvu kwa jina la ukweli na kudharau tamaduni na dini za watu wengine.

Hapo huzuka hoja. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Nostra Aetate, ya tarehe 28 Oktoba 1965, inapozungumzia uhusiano wetu na Waislamu, inawasihi wote wayasahau yaliyopita na kujibidisha kuelewana. Je, kusimulia habari za mwaka 1505 si kufukua kaburi? Hapana. Mtaguso unatuzuia kuyatumia yaliyopita kama silaha ya kudai kisasi, hautuzuii kuyakiri. Mtakatifu Yohane Paulo II alituachia neno la kutusaidia: utakaso wa kumbukumbu. Kidonda kisichooshwa hufunika usaha. Anayekataa kukumbuka hajasamehe wala hajasamehewa, amenyamaza tu.

Tuliisimulia habari hii mbele ya Gereza, waamini wetu wakiwa wameketi kivulini. Mzee aliyetuongoza, Mwislamu wa pale kisiwani, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Padre, sisi tulihadithiwa hayo na wazee wetu. Hatukujua kama nanyi mnayasoma." Hakusema zaidi. Yule mama wa WAWATA alinyanyuka akamwambia, "Baba, mtusamehe," naye akamjibu kwamba Mungu ndiye msamehevu. Tumetoa mahubiri mengi juu ya majadiliano ya kidini. Hatujui kama lolote kati ya hayo lilifika mbali kuliko maneno yale machache.

Kivinje na njia ya misafara

Kaskazini mwa Masoko iko Kilwa Kivinje, mji uliopewa jina kutokana na mivinje inayovuma ufukweni. Katika karne ya 19 ulikuwa mojawapo ya bandari kuu za biashara ya watumwa katika Afrika Mashariki. Njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia pale. Hata kabla ya hapo, mwaka 1776, Mfaransa Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ambavyo leo tunaviita Morisi na Reunion. Mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultani Barghash wa Zanzibar na Waingereza ulipiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, ingawa dhambi haikukoma siku ile ile.

Katika habari hii hakuna upande unaoweza kunawa mikono. Waliokamata, walionunua, waliosafirisha na waliofaidi walikuwa Waafrika, Waarabu na Wazungu, Waislamu, Wakristo na wafuasi wa dini za jadi. Tarehe 22 Februari 1992, katika kisiwa cha Gorée nchini Senegali, Mtakatifu Yohane Paulo II aliomba msamaha wa mbinguni kwa ajili ya uhalifu huo. Nasi tunapopita katika mitaa ya Kivinje, kati ya nyumba za kale zinazoporomoka na boma la Wajerumani, tunashauri mahujaji wasali Rozari, au wamwombe Mtakatifu Josefina Bakhita, binti wa Sudani aliyeuzwa akiwa mtoto na kutangazwa Mtakatifu mwaka 2000. Sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya Kanisa kusali dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Wasichana wanaochukuliwa vijijini kwa ahadi za uongo za kazi za ndani mijini watukumbushe kwamba njia ya misafara haijafungwa kabisa.

Pale Kivinje pia alinyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895, baada ya kupinga utawala wa Kijerumani. Kumbukumbu yake inatufungulia njia ya kwenda misituni.

Msitu uliomeza damu ya pande mbili

Magharibi na kaskazini mwa Kilwa huinuka vilima vya Matumbi. Kule Nandete, mwezi Julai 1905, wananchi waling'oa mashina ya pamba waliyolazimishwa kuyalima, na hiyo ikawa ishara ya kuanza kwa Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Katika eneo hili la mawe ya chokaa kuna mapango makubwa, likiwemo pango la Nang'oma, ambamo wenyeji husimulia kwamba watu walijificha wakati wa vita. Kipatimu, ambako Kanisa lina misheni na hospitali, ni kituo kizuri kwa mahujaji wanaotaka kutembea vilimani.

Siku zile zile za Agosti, Askofu Cassian Spiss wa Shirika la Mtakatifu Benedikto aliteremka Kilwa kutoka Dar es Salaam, akaanza safari ya miguu kwenda Peramiho kwa kupitia Liwale. Alikuwa na Mabruda Andreas na Gabriel, na Masista Felicitas na Cordula. Tarehe 14 Agosti 1905, mkesha wa Sherehe ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, wote watano waliuawa kwa mikuki mahali paitwapo Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Muda mfupi baadaye misheni za Lukuledi na Nyangao zilishambuliwa, na Sista Walburga wa Nyangao akapoteza maisha baada ya kukimbilia porini.

Tunawaheshimu sana wamisionari hao. Walikuja bila silaha ya kuteka nchi, na njia waliyoifuata ilikuwa ya kwenda kuwatumikia watu. Lakini mkulima wa Matumbi au Mngindo wa Liwale aliyepigwa viboko kwa ajili ya pamba angewezaje kumtofautisha Mjerumani aliyeshika msalaba na Mjerumani aliyeshika kiboko? Historia ya mwaka 1505 ilikuwa imejirudia kwa sura nyingine: Injili ilisafiri katika chombo kimoja na mabavu, na wasio na hatia wakalipa gharama. Kisha wakalipa wengine wengi zaidi. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa katika vita vile na katika njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchoma mazao na maghala ni kati ya watu 250,000 na 300,000. Hawa nao ni wana wa Mungu. Hatuna majina ya walio wengi kati yao.

Kwa sababu hiyo, Misa ya kuwakumbuka Askofu Spiss na wenzake isiadhimishwe kamwe bila nia ya kuwaombea waliouawa katika vita vile wa pande zote. Kuwataja wamisionari peke yao ni kusema nusu ya ukweli. Kuwataja mashujaa wa Maji Maji peke yao ni kusema nusu nyingine. Msalaba una mbao mbili.

Misitu kama kitabu cha uumbaji

Hija ya nchi hii haiwezi kutenganishwa na miti yake. Anayetoka Kilwa kwenda Lindi hupita katika miombo na misitu ya pwani ambayo ni kati ya misitu yenye viumbe adimu kabisa duniani. Katika uwanda wa juu wa Rondo, magharibi mwa mji wa Lindi, anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliyewahi kutajwa miongoni mwa wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi kutoweka. Mivule ya Rondo ilivunwa sana wakati wa ukoloni wa Waingereza. Mpingo, mti wa taifa letu, huchukua miongo mingi kukomaa, na mbao zake hutengenezewa klarineti na zumari zinazopigwa katika kumbi za muziki za mbali, pamoja na sanamu za Wamakonde tunazoziona hata altareni kwetu.

Hapa iko habari ya kutia moyo. Tangu mwaka 2009 baadhi ya vijiji vya Wilaya ya Kilwa, kikiwemo Kikole, vimepata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu wa misitu yao ya asili. Wanakijiji wenyewe hupanga mti upi ukatwe na upi uachwe, na mapato huingia katika mfuko wa kijiji. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Mahali ambapo mti una mwenyewe, maskini naye hupata sauti.

Kinyume chake kinaonekana Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wanasayansi wa Kijerumani walichimba pale mifupa ya wanyama wakubwa wa kale. Mamia ya wananchi waliichimba, na wapagazi wakaibeba vichwani mwendo wa siku nne hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mifupa ya yule mkubwa imesimamishwa Berlin, ikiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ni miaka minne tu tangu Maji Maji hadi uchimbaji ule. Bila shaka wengi wa wapagazi wale walikuwa wamezika ndugu zao waliokufa kwa njaa. Dhahabu iko Lisbon, mifupa iko Berlin. Walioibeba hawakuandikwa mahali popote. Sisi tunaotembea katika njia zao tunaweza walau kuwaombea.

Mwongozo kwa mahujaji

Kwanza, twende katika miezi ya kiangazi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za Matumbi na Liwale hupitika kwa shida, na bahari huchafuka. Kwa safari ya Songo Mnara, tumsikilize nahodha. Yeye ndiye ajuaye maji kujaa na maji kupwa.

Pili, tuchukue vibali na tuongozane na wenyeji. Malipo ya mwongoza wageni na ya mashua si hasara. Ni riziki ya familia za kisiwani. Katika misitu ya hifadhi na ya vijiji tupite kwanza kwa viongozi wa kijiji.

Tatu, tuvae kwa staha na tuingie misikitini kama waingiavyo wenyeji, hata kama ni magofu. Makaburi yaliyo karibu yasikanyagwe wala kukaliwa. Misa tuiadhimishe parokiani au Masoko kabla ya kuvuka, wala si ndani ya magofu ya nyumba ya ibada ya wenzetu.

Nne, tusichukue kitu. Kigae kidogo cha kauri au sarafu iliyookotwa mchangani ni ukurasa uliochanwa katika kitabu cha watu wote. Tusiandike majina ukutani, tusiwashe moto msituni, na taka zetu turudi nazo.

Tano, tupange muda wa ukimya. Tunapendekeza vituo vitatu: mbele ya Gereza, sala ya toba; Kivinje, sala kwa ajili ya waliouzwa; na katika msitu wowote wa njiani, Utenzi wa Viumbe wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi kama shukrani. Wenye uwezo wa kufika Liwale waongeze kituo cha nne kwa ajili ya marehemu wote wa mwaka 1905.

Jibu kwa swali la mama

Tulirudi jioni, tanga likiwa limejaa upepo wa kusi. Kijana mmoja wa VIWAWA alimwuliza nahodha kama haoni ajabu kubeba Wakristo wanaokwenda kusali kwenye magofu ya Waislamu. Nahodha alicheka akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hiyo tumeizoea hata tumesahau uzito wake. Mwaka 1505 wageni walikuja, na wenyeji hawakupona. Wito wetu leo ni kuwa wageni wa aina nyingine, na kuwa wenyeji wa aina nyingine, katika mkoa huu ambao sisi Wakatoliki ni wachache na tunaishi kila siku kwa ujirani mwema wa Waislamu: tunazikana, tunaalikana Idi na Noeli, watoto wetu wanaketi dawati moja. Hati ya Udugu wa Kibinadamu, iliyotiwa sahihi Abu Dhabi tarehe 4 Februari 2019 na Baba Mtakatifu Fransisko pamoja na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed el-Tayeb, imelipa jambo hilo jina. Watu wa pwani walikuwa nalo tayari, na ni dhamana yetu kulilinda.

Basi, mama, tunakwenda kuhiji wapi? Tunakwenda mahali ambapo Msalaba ulisimikwa vibaya, ili tuusimike vizuri: mioyoni mwetu, kwa kutubu na kwa kupenda. Kanisa halina haja ya kuwa na jengo mahali fulani ndipo waamini wake wapige magoti pale. Yakobo alilala jangwani juu ya jiwe, akaamka akasema kwamba Bwana yupo mahali pale naye hakujua.

Tumwombe Bikira Maria, Mama wa Kanisa, atusindikize njiani. Na Kristo aliye hai katika Ekaristi, asiyehitaji dhahabu ya mtu yeyote, atufanye sisi wenyewe kuwa monstransi yake katika pwani hii.